Mzee wa Kirinyaga Road, asante sana

Kuna mzee nilikutana naye Jumamosi pale Kirinyaga Road, Nairobi, kwa maduka ya spea, jina hata sikuuliza, mzee wangu kama hii itakufikia asante sana tena sana. Nilikuwa nazunguka na propela kwa gunia nikitafuta gia mpya, juu injini ya boti yetu ya Naivasha ukiipa mafuta inalia tu na boti haisongi, na nilikuwa nimeshaambiwa giaboksi imekufa. Wewe ukauliza kitu kimoja tu, polepole inaenda? Nikasema inaenda vizuri. Ukaitisha maka ukachora mstari mmoja kutoka kwa bushi ya katikati mpaka kwa propela yenyewe, ukaniambia nikaifunge nipige raundi moja halafu niangalie. Jana nimefungua, mstari umeachana karibu vidole viwili, kumbe ni ile raba ya ndani inayoshikanisha bushi na propela inateleza, gia ziko sawa kabisa! Na ule uzi wa kuvulia uliosema nichunguze nyuma ya propela nimeupata, ulikuwa umejiviringa kwa shafti karibu na sili ya kuzuia maji, nashukuru oili haijaingia maji. Tumeweka propela ya mtumba na kotapini mpya, ile pini ya kuzuia nati isifunguke, ndugu yangu amerudi majini leo asubuhi. Ulikataa hata pesa ya chai mzee. Anakusalimia sana.