Nimeambiwa nimeiba kazi yangu mwenyewe

Mhariri, asalam aleykum. Naomba nafasi kwenye gazeti lako maana hili jambo limenikaa rohoni, na wenzangu wengi limewakuta ila wanaogopa kusema wasije wakafelishwa.

Mie kwetu Pemba, nasoma chuo hapa Unguja. Disetesheni yangu, yaani utafiti wa kumalizia masomo, ni ya kina mama wa mwani Tumbe, kule kwetu Pemba. Nimeshuka nao pwani maji yakitoka, wao wanafunga mwani kwenye kamba huku wananihadithia vipi joto la bahari linavyoiua kotonii, mwani wenye bei nzuri, wakabaki na spinosamu, aina nyingine ambayo bei yake ndogo. Daftari likaloa, nikayaandika yote upya usiku kwa tochi ya simu.

Sasa rasimu yangu supavaiza, mwalimu anayenisimamia, akaipitisha kwenye programu ya kukagua wizi wa maandishi, ikatoka maneno yaliyofanana na kazi nyingine ni asilimia 11, tukafurahi. Nikarekebisha nikapeleka ya mwisho, asilimia 87! Ripoti nyekundu tupu, na chanzo kimeandikwa ni kazi ya mwanafunzi wa chuo hichohicho. Mwanafunzi huyo ni mie! Ile rasimu ilibaki mule ndani, na wakati programu hizi zina sehemu kabisa ya kuchagua kazi isihifadhiwe, ila aliyeipandisha hakuigusa. Wiki tatu nazunguka maofisini na makaratasi mkononi kama mshtakiwa, afisa anatizama ile namba tu hata ukurasa wa pili hafungui. Namba ile inasema maneno yamefanana, haisemi nani kaiba, lazima mtu akae asome.

Sisemi wezi waachiwe. Anayenunua disetesheni akaweka jina lake ashikwe, tena haraka. Ninalouliza mie ni nani alinitaka ruhusa kazi yangu iwekwe huko? Hakuna karatasi niliyosaini wala sikuambiwa itakaa miaka mingapi. Na hizi kazi zetu ni mali za watu wakubwa, kampuni ya Turnitin ya Marekani, yenye programu ya namna hii, mwaka 2019 ilinunuliwa kwa karibu dola bilioni 1.75, na sehemu ya thamani yake ni hizo kazi za wanafunzi zilizojazana mule, wanafunzi ambao hawakupata hata senti.

Najua nitajibiwa kuwa wanafunzi wanne wa skuli za kule kwao walishaishtaki kampuni hiyo wakashindwa, mahakama ya rufaa 2009 ikasema kuhifadhi kwa kulinganisha tu ni matumizi halali. Sawa, lakini hiyo ni sheria ya Marekani. Sisi Zanzibar tuna Sheria yetu ya Hakimiliki ya mwaka 2003 na tuna COSOZA, taasisi ya hakimiliki ya Zanzibar, ambayo tunaisikia zaidi kwenye mambo ya wasanii. Basi naiomba ituambie wazi, mwanafunzi akiandika, kazi ni ya nani?

Na vyuo navyo viweke fomu, mwanafunzi aisome kabla kazi haijapandishwa, asiyetaka kazi yake ihifadhiwe ikaguliwe kisha itolewe. Rasimu zisihifadhiwe kabisa.

Wale kina mama wa Tumbe niliwaahidi maneno yao ni ya masomo tu. Mmoja juzi kanipigia simu kuniuliza kitabu chetu kimefika wapi, na mie sikuwa na la kumjibu.

Mwanafunzi, Unguja