Mzee wa pale duka la spea Nakuru, asante

Mzee wangu, jina lako silijui, na hata pesa ya chai ulikataa. Pokea shukrani zangu hapa hadharani kwa kunitengenezea injini ya gari langu. Injini ya Subaru, aina ya EJ20 yenye tabo (turbo), pistoni zake zimelala ubavu, mbili huku, mbili kule, na pini zinazoziunga na koni rodi zatolewa kabla bloku haijafunguliwa. Ulizungusha krenki, ule mhimili unaoendeshwa na pistoni, polepole mpaka pini ikalingana na tundu la bloku, ukachomoa klipu inayoizuia pini kwa koleo la mdomo mrefu. Mafundi wengine wangeshika nyundo, wallahi! Beringi ukazikagua moja moja, zilizochubuka ukazikataa katakata. Sasa gari linapanda Mau Summit bila moshi. Ukipita mtaa wa Section 58 hapo Nakuru, uliza kwangu, chapati zipo.