Karatasi za nyimbo zilikuwa za kuimbwa

Ndugu Mhariri,

Nimesoma gazeti lako kwa miaka 19 bila kukuandikia hata mstari mmoja, lakini makala ya juma lililopita kuhusu karatasi za nyimbo zilizouzwa zamani katika mitaa ya London siwezi kuinyamazia. Mwandishi wako amezipima kama mashairi ya kusomwa kimya, akaziona dhaifu, kisha akawaita wanunuzi wa karatasi hizo watu wasiojua uzuri. Samuel Pepys, Mwingereza mashuhuri kwa shajara yake, aliyekusanya karatasi hizo zaidi ya 1,800 katika karne ya 17, hakuwa mgeni wa vitabu.

Karatasi hizo ziliuzwa kwa peni moja au nusu peni na mtu aliyesimama njiani akiimba. Aghalabu hazikuwa na noti za muziki; juu ya beti palitajwa wimbo ambao watu walikwisha kuujua, na utungo mpya ukaingizwa katika mahadhi yale. Asiyejua kusoma aliupokea kwa sikio. Sisi tuliolelewa na tenzi za kughaniwa tulipaswa kulielewa jambo hili kabla ya wengine.

Mwaka juzi nilipata karatasi moja ya James Catnach, mchapaji aliyefungua kazi yake katika mtaa wa Seven Dials, London, mwaka 1813. Ilikuwa nyembamba kama ganda la kitunguu, na picha yake ya merikebu ilipigwa chapa kwa ubao wa kuchongwa uliochakaa hata milingoti ikawa na mapengo. Niliipeleka kwa fundi wa fremu, nikamsihi asipunguze kitu. Nilipoifuata nilikuta ameikata juu na chini ili ienee katika fremu aliyokuwa nayo: juu limekwenda jina la mahadhi, chini limekwenda jina la mchapaji pamoja na anwani yake ya Monmouth Court, ikabaki merikebu na beti zisizojulikana ziimbwe vipi. Aliniambia kwamba yaliyoondoka ni maandishi madogo tu, na vipande vyenyewe alikwisha kuvitupa. Mwandishi wako amefanya vilevile, na maonyesho mengi niliyoyatembelea hufanya hivyo pia, yakitundika karatasi hizi nyuma ya kioo katika vyumba ambamo haisikiki sauti ya mtu hata mmoja.

Naomba toleo lijalo lichape karatasi moja nzima, pamoja na jina la mahadhi yake. Naye mwandishi wako, kabla ya kuandika tena, asimame sokoni Jumamosi saa tatu asubuhi, aiimbe tangu ubeti wa kwanza hadi wa mwisho, na asiondoke mpaka watu watatu wasimame kumsikiliza.

Msomaji wako,
London