Piketi juu ya lava haimlindi msagaji

Bwana Mhariri,

Mimi ni fundi umeme wa mashine hapa Goma, hasa vinu vya mahindi na mihogo. Naomba nafasi katika gazeti lenu kwa sababu kuna jambo linalonikosesha usingizi.

Wenye vinu wengi sasa wananunua variateri, kile kisanduku kinachowasha mota polepole na kupanga kasi yake. Ni kitu kizuri: mota haivuti umeme mwingi kwa ghafla, na mikanda inadumu. Shida ni namna kinavyofungwa, na shida kubwa kuliko zote iko kwenye tere, yaani njia ya kupeleka ardhini umeme unaovuja.

Ninachokuta ni hiki. Kutoka kwenye variateri hadi kwenye mota zimepitishwa nyaya tatu tu. Wa nne, ule wa tere wa kijani na manjano, umeachwa ili kupunguza gharama. Pembeni ya mota wamegongelea ardhini kipande cha nondo, ndiyo piketi, wamekifunga kwenye bodi, yaani chuma cha nje cha mota, na mwenye kinu anaambiwa tere ipo.

Hiyo nondo imeingia wapi? Lava ya Nyiragongo ya Januari 2002 ilikatiza mji hadi ziwani, nasi tumejenga juu yake. Jiwe lile likiwa kavu halipitishi umeme vizuri. Tuseme nondo ina ukinzani wa omu 100, na tere ya kabini ya transfoma inayotuletea umeme ina omu 10. Fazi, yaani waya wenye umeme, ya volti 230 ikigusa bodi, umeme utakaopita ardhini ni kama ampea 2 tu. Disjonkta ya ampea 32, ile swichi inayojikata umeme ukizidi, haishtuki kabisa. Bodi inabaki na volti zaidi ya 200, na kando yake amesimama kijana wa kandambili, sakafu imelowa, anapokea beseni la mihogo mikononi mwa mama. Kijana mmoja ninayemfahamu alirushwa hivyo hadi ukutani. Alipona, lakini mkono wake wa kulia bado haukunji sawasawa.

Waya wa tere lazima utoke kwenye bodi ya mota, urudi pamoja na zile tatu hadi kwenye variateri, na kutoka pale uende kwenye tabulo kuu, lile sanduku kuu la swichi. Piketi ni ya kuongezea, haichukui nafasi ya waya huo. Tena variateri, hata ikiwa nzima, huvujisha umeme kidogo kwenda tere muda wote, mara nyingi zaidi ya miliampea 3.5. Ndiyo maana kanuni za kimataifa zinataka tere yake iwe ya shaba isiyopungua milimita 10 za mraba, au ziwe nyaya mbili, mmoja ukikatika mwingine ubaki.

Kabuli ya mota nayo iwe na ngao ya waya wa kusuka, ibanwe pande zote mbili kwa kibanio kinachoikumbatia mzunguko mzima.

Kuhusu diferansieli, kifaa kinachokata umeme ukianza kuvuja, naumia nikiona imeondolewa eti inajikatakata. Kwa variateri ya fazi tatu itafutwe ya aina B, kwa kuwa kisanduku hicho kikiharibika kinaweza kuvujisha umeme kama wa betri, na diferansieli ya kawaida haiuoni.

Nawaomba wanaounganisha vinu kwenye laini wapime tere kwa mita kabla ya kuwasha, wasiishie kuangalia kaunta inayohesabu umeme.

Nanyi wenye vinu, mwiteni fundi wiki hii. Akate umeme kwenye disjonkta kuu, asubiri dakika zilizoandikwa kwenye mfuniko wa variateri, maana kapasita zake, vile vifaa vya ndani vinavyohifadhi umeme, zinaweza kubaki na volti za hatari hata taa zikiwa zimezimika. Apime kwanza, ndipo afungue kisanduku cha nyaya kilicho kwenye mota. Akikuta nyaya tatu tu, kinu kisisage hata gunia moja mpaka wa nne uwekwe.

Fundi umeme wa vinu,
Majengo, Goma