Mwende mwanangu, chai ya Kyalo isubiri

Mwende mwanangu,

Salamu kutoka Umoja. Huku tu wazima, na maji yamerudi mferejini tangu juzi.

Nimewaza sana ulichoniambia kwa simu, kwamba mwalimu wa Kyalo analalamika mtoto anasinzia darasani ikikaribia saa nne. Nawe umeshaanza kuulizia vitamini za chupa. Kabla hujafika duka la dawa, hebu tuhesabu. Kyalo anakula chakula cha jioni saa moja. Gari la shule linampitia saa kumi na moja na nusu alfajiri, akiwa amekunywa chai na vipande viwili vya mkate mweupe, tena huku ukimhimiza amalize upesi. Kufika saa nne ni saa kumi na tano tangu ugali wa jana, na hapo katikati hakuna cha maana kilichoingia tumboni. Hata mimi ningesinzia.

Chai ndiyo inayonisumbua zaidi. Najua asubuhi bila chai ya maziwa haijawa asubuhi, na mimi yangu siiachi. Lakini majani ya chai huyazuia madini ya chuma yaliyo kwenye chakula, mwili usiyapate vizuri, na mtoto anayekua anayahitaji kwa ajili ya damu. Basi anywe chai jioni akitoka shule, muda kabla ya kula. Asubuhi mpe uji.

Usiniambie huna wakati, kazi ya uji ni ya usiku. Ukishaosha vyombo, koroga unga wa wimbi kwa maji ya uvuguvugu, funika bakuli, uache hadi asubuhi. Ukilowa hivyo madini yake hayashikiliwi sana, mwili huyapata kwa urahisi, na ule uchachu wake ndio uliokufanya urambe kikombe kwa nyanya yako. Asubuhi maji yakichemka, mimina huku unakoroga usifanye madonge. Kyalo akitafuta soksi, wewe unakoroga. Ukiiva, kamulia ndimu, maana ndimu humsaidia kupata hiyo chuma. Sukari kijiko kimoja tu. Na wimbi lina kalisi kuliko mahindi na mchele kwa mbali sana, meno yake yatakushukuru.

Lakini usinunue ule unga wa kila kitu: wimbi, soya, njugu, omena na sijui nini tena, vyote vimesagwa pamoja. Njugu zikisagwa ndani ya nafaka unga huvunda upesi, na tena njugu na mahindi ndivyo vinavyoshika aflatoksini, ile sumu ya kuvu. Ulikuwa darasa la pili mwaka wa 2004 watu 125 walipokufa, wengi wao huko kwetu Makueni na Kitui, kwa sababu ya mahindi yaliyoota kuvu. Omena mpikie jioni. Njugu mpe nzima, uzichambue kwanza, iliyokunjamana au kubadilika rangi utupe.

Naye Baba Kyalo na smokie zake, zile soseji za steji, sitaki kuingilia, mkwe ni mkwe. Ila ukimwekea mezani nduma uliyochemsha usiku na yai moja, ataona mwenyewe pesa anazoacha barabarani. Kyalo anamtazama. Baba akiketi, naye ataketi; baba akitoka mbio na funguo mkononi, utamfukuza mtoto na kikombe hadi getini. Dakika kumi za kuketi pamoja mnaweza kuzipata, hata kama ni kwa kuzima simu.

Ijumaa napitia soko la Marikiti. Gorogoro mbili za wimbi zitakutosha mwezi? Nitaliosha na kulianika hapa kwangu, halafu nilipeleke kwenye mashine, kwa hiyo utalipata Jumapili. Tayarisha mkebe mkavu wenye kifuniko kinachobana, na usiuweke karibu na jiko.

Wako,
Mama