Barua ya wazi kwa mpwa wangu mpuliza tromboni

Mpwa wangu,

Ujumbe wako niliusoma usiku, nikaona hautoshi kujibiwa kwa mistari miwili. Nakuandikia hadharani kwa sababu najua hauko peke yako. Unasema bendi imekutwika kazi ya kuandika noti za wenzako, Jumamosi unafundisha watoto, na jukwaani kila mwezi unasogezwa nyuma kidogo. Umeandika kwamba umeanza kustaafu kabla hujaanza kazi. Nisamehe, hapo nilicheka.

Ngoja nikusimulie habari za Melba Liston, Mmarekani mpuliza tromboni na mpangaji wa muziki wa jazz.

Alizaliwa Kansas City, Missouri, mwaka 1926, na tromboni yake ya kwanza aliipata akiwa na miaka 7. Aliipenda kwa macho kabla hajajua inavyolia. Wewe unajua vizuri: mrija ule wa kuvuta na kusukuma una vituo saba vya kupatia noti, na mkono wa mtoto wa umri huo hauvifikii vyote. Hilo halikumzuia. Familia ilihamia Los Angeles mwaka 1937, huko akafundishwa na Alma Hightower, mama aliyekuwa akiwalea vijana kimuziki. Alipotimiza miaka 16 alikuwa tayari mwanachama wa chama cha wanamuziki, akipiga kwenye bendi ya jumba la maonyesho. Kisha akaingia bendi kubwa ya jazz ya Gerald Wilson.

Dizzy Gillespie, mpiga tarumbeta maarufu wa jazz, alipomchukua kwenye bendi yake, wapo wanaume walionung'unika: mwanamke wa nini, tena kwenye safu ya tromboni? Melba hakubishana nao. Aliwawekea mbele karatasi za muziki aliopanga mwenyewe, kila chombo na noti zake, nao wakahangaika kuzipiga. Manung'uniko yakapungua.

Lakini usidhani njia ilinyooka. Mwaka 1949 alisafiri na mwimbaji Billie Holiday kusini mwa Marekani, enzi za ubaguzi. Watu hawakuja, fedha zikaisha, wanamuziki wakakwama njiani. Melba alirudi Los Angeles akaiweka tromboni chini, akafanya kazi nyingine kwa miaka kadhaa, hata kuonekana kwenye filamu miongoni mwa watu wa nyuma wasio na jina. Ni Gillespie aliyemrudisha, kwa ziara ya mwaka 1956 iliyogharimiwa na serikali ya Marekani.

Albamu aliyoiongoza kwa jina lake ni moja tu, ile ya mwaka 1958 aliyoijaza wapuliza tromboni wenzake. Moja! Ukihesabu kwa albamu, utasema maisha yake yalipotea bure.

Sasa sikiliza hii, maana inatuhusu sisi wenye lugha hii. Novemba 1960, mpiga piano Randy Weston aliingia studio New York na bendi kubwa kurekodi albamu ya Uhuru Afrika. Maneno yaliandikwa na mshairi Langston Hughes, na msomaji mmoja, Tuntemeke Sanga wa Tanganyika, akayatamka kwa Kiswahili. Tanganyika yenyewe ilikuwa haijapata uhuru. Ulibaki mwaka na zaidi kidogo. Aliyepanga muziki ule wote ni Melba. Tromboni yake humo huisikii, walipuliza wengine. Ila kila tarumbeta inapopanda na kila saksafoni inapojibu, ni mkono wake huo. Afrika Kusini ya makaburu iliipiga marufuku albamu ile. Karatasi za mtu aliyeketi nyuma ziliwatia hofu, mpwa wangu!

Mwaka 1973 alikwenda Jamaika, akafundisha muziki Kingston hadi 1979. Miaka sita. Kingston haikuwa na njaa ya wapuliza tromboni, Don Drummond, bingwa wa tromboni, alishatoka huko, lakini watu walimtaka mwalimu, naye akaenda. Aliporudi Marekani akaunda bendi yake mwenyewe. Wakati huo alikuwa amevuka miaka 50, umri ambao wewe unauita mwisho.

Mwaka 1985 alipata kiharusi. Kupuliza kukakoma, upande mmoja wa mwili ukamgomea. Akaanza kuandika muziki kwa kompyuta, na miaka ya tisini bado alikuwa akimpangia Weston albamu nzima. Alifariki Los Angeles mwaka 1999.

Kuna jambo moja katika ujumbe wako limenikaa kooni. Yule mtoto wa Jumamosi ambaye mkono haufiki, unayetaka kumhamishia kwenye tarumbeta. Usimhamishe kwanza. Chukua karatasi, mwandikie sehemu yake upya bila kituo cha sita wala cha saba, na noti zile za chini mpe aliye mrefu kuliko wote. Ukiimaliza nitumie nione.

Mjomba wako