Mheshimiwa Waziri, tupeni takataka

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Serikali za Mitaa,
Kampala.

Mheshimiwa,

Salamu kutoka Busia. Barua nyingi zinazofika mezani kwako bila shaka zinaomba barabara, zahanati au fedha. Sisi tunaomba takataka. Maganda ya matoke, maembe yaliyopondeka, majani ya kabichi, machicha ya pombe, vyote vinavyotupwa sokoni kila jioni, tunaviomba vitufikie vikiwa havijachanganywa na kavera (mifuko ya plastiki), chupa wala betri. Hilo la kutochanganya ndilo ombi lenyewe.

Sisi ni kikundi cha wakulima wa kijijini, wengi akina mama. Tunalima mahindi, maharage na muhogo, tunafuga kuku na nguruwe wachache. Nyuma ya banda la kuku tuna kibanda kingine cha mabati na chandarua, na humo tunafuga nzi askari mweusi. Ndiyo, tunafuga nzi, na wewe si wa kwanza kushangaa. Lakini huyu si yule nzi wa chooni. Akishapata mabawa hali tena. Anaishi kama wiki moja kwa akiba aliyoiweka mwilini alipokuwa funza, anapata mwenza, jike anataga mayai kama 500, basi, wanakufa. Sahani ya mtu haimhusu, kwa hiyo haleti uchafu jikoni. Kazi yote ni ya funza. Yai linaanguliwa baada ya siku nne hivi, kisha kwa muda wa wiki mbili funza anakula usiku na mchana.

Laiti ungefika uone beseni moja likiwa kazini. Unamwaga maembe yaliyooza, unayatandaza yasizidi unene wa vidole vinne, maana yakijaa sana hewa haipiti na harufu inaanza. Ukiinama unawasikia wanavyotafuna, mchakacho kama mvua ya rasharasha juu ya majani makavu, na ukilaza kiganja juu yao unahisi joto. Kesho yake zimebaki kokwa na unga mweusi. Miguu ya meza imesimama ndani ya makopo yenye maji na oili chafu, kwa sababu adui mkubwa wa kazi hii ni sisimizi: wakipata njia, mayai yanabebwa yote kwa usiku mmoja. Mayai yenyewe jike huyaficha kwenye nyufa, ndiyo maana tunafunga vibao viwili vitatu pamoja kwa mpira wa baiskeli na kuacha upenyo mwembamba katikati. Funza akikomaa anakuwa mweusi, anaacha kula na kutafuta pakavu pa kujificha. Tumemwegemezea ubao kwa mshazari. Anaupanda mwenyewe usiku na kudondokea ndooni. Kuku wanaijua ile ndoo kuliko wanavyotujua sisi.

Kwa nini tunahangaika hivyo? Kwa sababu ya mukene, wale dagaa wa ziwani, Mheshimiwa. Mfugaji yeyote atakwambia kwamba zaidi ya nusu ya gharama ya kuku ni chakula, na sehemu inayouma ni protini, yaani mukene na soya. Mukene wetu unatoka Majanji, ufukweni mwa Ziwa Victoria. Mwingi unaanikwa mchangani, ukiupima unapima na mchanga wake, na mwezi ukiwa mpevu wavuvi hawapati kitu kwa taa zao, bei inaruka. Tena ni chakula cha watoto wetu. Kilo anayokula kuku imetoka kwenye sufuria ya mtu. Funza waliokaushwa wana protini inayokaribia asilimia 40. UNBS, shirika la viwango la taifa, imekwisha kuweka viwango vya wadudu waliokaushwa kwa ajili ya chakula cha mifugo, kwa hiyo hatuombi ruhusa ya jambo la gizani.

Na ule unga mweusi unaobaki ni mbolea. Mwaka 2006 viongozi wa Afrika walikutana Abuja wakaweka lengo la kilo 50 za virutubisho vya mbolea kwa kila hekta. Uganda bado iko mbali mno na lengo hilo, na bei za dukani haziwaachii wakulima wa eka moja mbili matumaini ya kulifikia. Mtafiti Mganda Dennis Beesigamukama, pamoja na wenzake wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu cha Nairobi, waliijaribu mbolea hii ya funza kwenye mahindi huko Kenya, wakachapisha matokeo mwaka 2020: mahindi yake yalizaa kuliko yale yaliyowekewa mbolea ya asili inayouzwa madukani. Chuo Kikuu cha Busitema, ambacho makao yake yako wilayani kwetu, kina mkono katika utafiti huo. Sharti lake ni moja tu, na watu wengi wanalikosea: iachwe ikomae wiki kadhaa kabla ya kuipeleka shambani, la sivyo inaunguza miche.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo wataalamu wa semina hulipita haraka. Kijijini hakuna takataka. Ganda la ndizi linaliwa na mbuzi, mabua ya mahindi ni ya ng'ombe au ya kuni, mabaki ya posho (ugali) ni ya mbwa na kuku. Mradi unaomwambia mama wa kijijini afuge funza kwa taka za nyumbani kwake unamwambia awanyang'anye mbuzi chakula chao. Beseni moja litajaa, la pili halitajaa. Wingi wa malighafi uko mjini, sokoni, mahali ambapo machungwa na maembe ya Teso yanashushwa kwa malori na yaliyopasuka yanasukumwa pembeni. Soko lina kile ambacho kijiji hakina, na linalipia mafuta ya gari kwenda kukitupa.

Tatizo ni kwamba likishafagiliwa, vyote vinakuwa rundo moja. Funza hali kavera. Anaizunguka tu, na vipande vyake vinabaki ndani ya mbolea hadi shambani. Vioo ni vibaya zaidi, kwa sababu sisi tunachambua kwa mikono. Betri na makopo ya dawa hata sitaki kuyaongelea, maana sumu ya metali inaingia kwenye funza na kutoka kwa funza inaingia kwenye kuku. Miji kadhaa, ikiwemo Mbale, Soroti, Lira na Jinja, ilijengewa vituo vya mboji kupitia NEMA, mamlaka ya mazingira, na Benki ya Dunia. Wazo lilikuwa zuri, lakini taka zilifika zimekwisha kuchanganyika na uchambuzi ukaachiwa kituoni, mahali ulipo mgumu zaidi. Yaliyotokea Kiteezi tarehe 10 Agosti 2024 unayajua kuliko mimi: jalala la Kampala liliporomoka na kuua watu zaidi ya 30. Sidai kwamba funza wangeizuia Kiteezi. Nasema mlima ule ulijengwa kwa gunia moja moja, na sehemu kubwa ya kila gunia ilikuwa maganda.

Kuna hofu mbili za haki ambazo maofisa wako watakuletea. Ya kwanza ni homa ya nguruwe. Mabaki ya nyama ya nguruwe kutoka mahotelini yanaweza kuibeba, na ikiingia kijijini inafagia mazizi yote. Kwa hiyo tunataka taka za mimea tu. Za bucha na za hoteli zibaki huko huko. Ya pili ni harufu. Inakuja pale mtu anapomwaga maji maji mengi bila kuchanganya pumba au maganda ya kahawa. Hiyo ni kazi ya afisa ugani kuifundisha, nayo haimalizi hata asubuhi moja.

Tunaiandikia wizara yako, wala si ya kilimo, kwa sababu masoko na usafi wa miji viko chini ya halmashauri, na Mfumo wa Maendeleo wa Parishi nao unaratibiwa kwako. Kila parishi, yaani eneo la vijiji kadhaa, inapangiwa shilingi milioni 100 kwa mwaka, na mkopo wa kaya ni hadi milioni moja. Kuku na nguruwe wanakubalika humo. Tunaomba mabeseni, chandarua na mayai ya nzi vihesabiwe kuwa sehemu ya ufugaji huo, ili karani wa parishi asimrudishe mtu kwa kuwa neno funza halimo kwenye orodha yake. Tunaomba pia mwongozo wa ukurasa mmoja juu ya Kanuni za Taka za mwaka 2020: kikundi kinachobeba maganda kwa toroli au bodaboda kihesabiwe kama nani? Kampuni ya lori inaweza kulipia leseni. Mwenye toroli hawezi, na hapendi kukimbizwa barabarani.

Usituletee mashine, tafadhali. Tumeona vibao vya miradi vilivyodumu kuliko miradi yenyewe. Tunataka mapipa mawili katika kila soko, moja la maganda na moja la vingine, na amri ya halmashauri kwamba la maganda litolewe kwa kikundi kilichosajiliwa badala ya kupelekwa jalalani.

Pipa hilo litakuwa safi au chafu kutegemea mfagiaji wa soko, ambaye mara nyingi ni mama anayelipwa kwa siku. Ukimwongezea kazi ya kuchambua bila kumwongezea kitu, pipa litajaa kavera kabla wiki haijaisha, na hatutamlaumu. Kikundi chetu kiko tayari kulipia kila gunia safi. Tunachoomba kwako ni waraka unaosema fedha hiyo apewe mfagiaji mkononi, isigeuzwe kuwa ushuru mwingine wa kukatiwa risiti.

Wako mtiifu,
Katibu wa kikundi cha wakulima,
Wilaya ya Busia.